Homa na vipele havipimi VVU

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: ukifanya ngono bila kondomu, kisha wiki mbili zipite bila homa, vipele wala mitoki, uko salama, ukivipata, tayari una VVU. Si kweli, pande zote mbili.

Dalili za mwanzo, zikitokea, kwa kawaida huja wiki 2 hadi 4 baada ya maambukizi, na hufanana na mafua au malaria. Wengine hawapati hata moja. Hofu nayo hukosesha usingizi, hutoa jasho, hata huharisha, ndiyo maana anayejipapasa shingo kila asubuhi hakosi cha kukiona.

Jibu hutoka kwenye kipimo, tena kwa wakati wake. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Ukipima siku ya tano, jibu hasi halisemi lolote kuhusu tukio la juzi. Rudia siku 90 zikitimia. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipa, kinachotafuta pia antijeni, yaani sehemu ya kirusi chenyewe, hutosha baada ya siku 45. Kwenye kipimo cha haraka, mstari wa C, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo hicho ni batili, hata mstari wa T, ule wa jibu, ukionekana. Jibu chanya huthibitishwa kwa kipimo kingine.

Kama saa 72 hazijapita tangu tukio, usisubiri dalili: nenda kituo cha afya uulizie PEP, dawa za siku 28 za kuzuia VVU visikuambukize, na kila saa ina uzito. Ujumbe ule usiusambaze, maana anayeuamini huziacha saa hizo zipite.