Banda la Pete French: zizi chini ya mwavuli

Anayeliona kwa mbali, na paa lake pana kama msonge wa Wahaya, hudhani ni ghala la nyasi. Sivyo. Peter French, mfuga ng'ombe aliyeingia kusini mashariki mwa Oregon, Marekani, mwaka 1872, alilijenga ili farasi wafundishwe kazi wakati wa baridi, theluji ikiwa imefunika malisho. Ukilijua hilo, ramani yote inajieleza.

Kipenyo ni futi 100, yaani meta 30 na ushei. Ndani yake kuna duara la pili la futi 60, ukuta wa mawe ya volkano. Kati ya mawe hayo na mbao za nje imebaki njia ya futi 20 inayozunguka banda zima. Pima katikati ya njia: mzunguko mmoja ni kama meta 77, kwa hiyo mizunguko 13 ni kilometa moja, pasipo upepo wala barafu. Na kona hakuna. Farasi mwoga akipata kona hujibanza humo, akakupa mgongo na kurusha mateke. Kwenye duara anabaki na njia moja tu, kwenda mbele.

Paa ndilo linalonivutia zaidi. Katikati imesimama nguzo ya mreteni ya futi 35 hivi, na nguzo nyingine za mti huohuo zimeizunguka. Mreteni ni ndugu wa mtarakwa wetu, ule wa nguzo za ua, na sifa yao ni moja: hauozi upesi. Mihimili ya mshazari imetoka kwenye nguzo kama mbavu za mwavuli.

Kila paa lenye umbo la pia lina shida ileile. Kwenye ukingo wa duara la futi 100, ukipanga makombamoyo, yaani miti ya mshazari inayobeba paa, kila sentimeta 60 utahitaji kama 160, na hayawezi kukutana yote kwenye kichwa cha nguzo moja. Machache hufika juu. Mengine hukomea kwenye boriti za njiani. Asiyelijua hilo hukatakata ncha ziwe nyembamba, zikapasuka.

Uzito wote unashuka kwa nguzo, basi ukitunza banda la namna hii, ukaguzi uanzie chini, pale mti unapokutana na udongo. Choma kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, mti umeoza. Usimwage zege kuzunguka mguu, maana litashika maji na kuozesha mti zaidi. Tegemeza boriti pande zote mbili kwa jeki, inua kidogo kidogo, ndipo ubadilishe kipande kibovu. Ukiharakisha, maungio ya juu yanafunguka.

French aliuawa kwa risasi Desemba 1897. Banda liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria mwaka 1971, na wageni huingia mpaka ndani. Ukifika, simama kwanza chini ya nguzo ya kati uangalie juu.