Shahada ya Mwalimu wa Hisabati wa Sekondari: Yanayopaswa Kuwamo Ndani Yake

Anayetaka kuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari hukutana kwanza na majina ya shahada, na majina hayo humchanganya. Chuo kimoja hutoa shahada ya elimu yenye somo la hisabati, kingine hutoa shahada ya sayansi pamoja na elimu, na cha tatu humtaka asome hisabati mpaka ahitimu, kisha arudi kusomea ualimu. Sisi tunaoandaa walimu huulizwa mara kwa mara ni ipi iliyo bora. Jina la shahada halitoshi kuamulia jambo hilo. Kinachopaswa kusomwa kwa makini ni orodha ya masomo yaliyomo ndani yake, kwa sababu mahitaji ya msingi ya kazi hii yanafanana karibu kila mahali, hata pale taratibu za nchi zinapotofautiana.

Tofauti hizo si ndogo. Nchini Ufini mwalimu wa somo huhitimu shahada ya uzamili, na ndani ya masomo yake yote ya krediti 300 (krediti ni kipimo cha ukubwa wa masomo) huwamo krediti 60 za ualimu. Nchini Ujerumani mwanafunzi kwa kawaida husomea masomo mawili ya kufundishia hadi ngazi ya uzamili au mtihani wa serikali, kisha huingia katika kipindi cha mafunzo shuleni cha kati ya mwaka mmoja na miwili, ambacho hakimaliziki bila mtihani mwingine. Nchini Uingereza wengi hupata kwanza shahada ya kwanza, ndipo wakasomea ualimu kwa takriban mwaka mmoja. Kwingineko shahada moja ya miaka mitatu au minne hubeba hisabati na ualimu sambamba. Njia hii ya sambamba humfaa anayejua mapema kwamba anataka kufundisha, ilhali ile ya kufuatana humwachia mtu nafasi ya kuamua baadaye. Zote mbili zimetoa walimu wazuri.

Tuanze na hisabati yenyewe. Shahada inayostahili huwa na kalkulasi ya kigeu kimoja na ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, aljebra dhahania (inayochunguza kanuni zenyewe za kujumlisha na kuzidisha), nadharia ya namba, milinganyo tofautishi, jiometri, pamoja na uwezekano na takwimu. Inafaa pia kuwe na somo la kuandika programu za kompyuta. Mwombaji ajue kwamba masomo haya hujengwa juu ya hisabati ya ngazi ya juu ya sekondari, hivyo ufaulu mzuri katika ngazi hiyo ndio sharti la kujiunga linalozingatiwa zaidi. Katika orodha hiyo, mawili hufanywa ya hiari katika vyuo vingi, nayo ni jiometri na takwimu. Naona hilo ni kosa. Jiometri ndiko mwanafunzi wa sekondari anakokutana kwa mara ya kwanza na uthibitisho, yaani wazo kwamba jambo halikubaliwi kwa kuwa mwalimu amelisema, bali kwa kuwa linafuata kutoka katika mambo yaliyokwisha kukubaliwa. Takwimu nazo zimepewa nafasi kubwa zaidi katika mitaala ya shule, na mwalimu ambaye hakuzisoma chuoni huishia kufundisha namna ya kukokotoa wastani bila kueleza ni lini wastani hupotosha.

Wanafunzi wengi wa ualimu hulalamika kwamba aljebra dhahania haitafundishwa kamwe katika darasa lao la baadaye, basi ya nini kuisoma? Lalamiko hilo si jipya. Mnamo mwaka 1908 mwanahisabati wa Ujerumani, Felix Klein, alieleza kwamba kijana anapoingia chuo kikuu hukuta maswali yasiyomkumbusha chochote alichosoma shuleni, na anapohitimu na kurudi shuleni kufundisha, haoni uhusiano wowote kati ya alichosoma chuoni na kazi yake, kwa hiyo hufundisha kama alivyofundishwa. Uzi hukatika mara mbili, na miaka ya chuo hubaki kumbukumbu tu.

Namna ya kuunganisha uzi huo inaonekana vizuri katika swali ambalo kila mwalimu wa hisabati huulizwa: kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Mwalimu asiye na jibu humwambia mtoto akariri kanuni. Mtoto hukariri kwamba hasi mbili hutoa chanya, na wiki inayofuata anaandika kuwa −3 + (−2) ni 5. Hakuzembea, ametumia kanuni aliyopewa, ila hakuna aliyemwonyesha inatoka wapi na inaishia wapi. Mwalimu aliyeisoma aljebra dhahania kwa kuielewa anajua kwamba kanuni hii inatokana na uhusiano kati ya kuzidisha na kujumlisha. Anaandika ubaoni −3 × (2 + (−2)). Ndani ya mabano mna sifuri, kwa hiyo jawabu lote ni sifuri. Kisha anafungua mabano: −3 × 2 ni −6, na kilichobaki ni −3 × (−2). Viwili hivyo vikijumlishwa sharti vitoe sifuri, basi cha pili hakina budi kuwa 6. Hoja ni ileile ya chuoni, imeondolewa alama nzito na kuwekwa katika namba ambazo mtoto wa miaka 13 anazimudu, naye anaona mwenyewe kwamba kanuni inahusu kuzidisha na haihusu kujumlisha.

Ujuzi wa aina hii ulitenganishwa na ujuzi wa somo peke yake na mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, katika maandishi yake ya mwaka 1986. Kumudu hisabati ni jambo moja. Kujua ni mfano upi utaifungua kwa mwanafunzi, na ni kosa gani litajitokeza kabla halijajitokeza, ni jambo jingine linalohitaji kufundishwa. Ndiyo sababu, miongoni mwa masomo ya ualimu, linalopaswa kutafutwa kwanza ni mbinu za kufundishia hisabati, likiwa somo linalojitegemea na linalochukua zaidi ya muhula mmoja. Ndani yake mwanafunzi wa ualimu hupewa kazi halisi za watoto na kuulizwa mtoto alifikiri nini. Aliyeandika kwamba (a + b)² ni sawa na a² + b², kwa mfano, asifutiwe tu. Aambiwe aweke 3 na 4, aone 49 upande mmoja na 25 upande wa pili, kisha achore mraba wenye ubavu a + b na atafute eneo alilolisahau. Saikolojia ya ujifunzaji, mitaala, upimaji, elimu maalumu na maadili ya kazi yana umuhimu wake, na karibu kila chuo huyafundisha.

Mazoezi ya kufundisha ndiyo sehemu ya tatu. Uingereza huhitaji wiki nyingi shuleni, katika shule zisizopungua mbili; nchi nyingine huridhika na muda mfupi zaidi. Pamoja na muda, uliza ni nani atakayekaa nyuma ya darasa kukutazama. Mkaguzi asiye mtu wa hisabati atasema kuhusu sauti, mwandiko wa ubaoni na andalio la somo, lakini hataweza kukuambia kwamba mfano wa kwanza uliochagua ulificha jambo lenyewe.

Kuna pia suala la somo la pili, ambalo mifumo mingi hulitaka. Fizikia na kompyuta hukaa vizuri na hisabati kwa kuwa huitumia kila siku. Hata hivyo, chunguza somo hilo lisije likachukua nafasi ya hisabati hadi zikabaki kozi chache za mwaka wa kwanza.

Shahada peke yake mara nyingi haimpi mtu ruhusa ya kufundisha. Mamlaka za elimu husajili walimu au kuwapa leseni. Nchini Marekani kila jimbo lina masharti yake, na mengi huweka mtihani wa somo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji akiulize chuo kwa maandishi kama programu yake ina ithibati, yaani imetambuliwa rasmi, na kama wahitimu wake husajiliwa moja kwa moja. Aliye na shahada ya uhandisi au uchumi, na ambaye sasa anataka kufundisha, apeleke nakala ya matokeo yake yote kwa chuo hicho hicho ili krediti zake za hisabati zihesabiwe. Mara nyingi kalkulasi huwa anayo ya kutosha, na anachopungukiwa ni jiometri, aljebra dhahania na uthibitisho, masomo ambayo baadhi ya vyuo humruhusu kuyasoma peke yake kabla ya kuanza mwaka wa ualimu.