Chumvi tatu nyeupe na mkono wenye haraka

Katika zoezi la maabara la kutambua chumvi isiyojulikana ina nini ndani yake, shaba haina shida. Bluu yake inajitangaza hata kabla hujafungua chupa, na ukiitilia amonia ya kutosha inakolea mpaka inapendeza. Chuma nacho hakifichiki: mashapo yake, yaani kitu kigumu kinachojitenga ndani ya myeyusho, ni ya kijani kichafu au ya rangi ya kutu. Kinachowatoa jasho wanafunzi wangu wa kidato cha nne ni nitrati tatu, zote nyeupe: ya zinki, ya alumini na ya risasi.

Tia haidroksaidi ya sodiamu kwenye myeyusho wa yoyote kati ya hizo, utapata mashapo meupe. Ongeza zaidi, yanayeyuka. Mtego uko hapo. Mwenye haraka humimina haidroksaidi hiyo kwa mkupuo, mashapo yanatokea na kupotea asiyaone, naye anaandika "hakuna badiliko" na kujiaminisha kwamba ameshika sodiamu, ambayo haitoi mashapo. Nilishawahi kuzikosa alama hivyo hivyo. Tone moja, tikisa, tazama. Ndipo utie jingine.

Sasa chukua sampuli nyingine, si ileile uliyokwisha kuichezea, utie amonia kidogo kidogo. Mashapo meupe yakitokea kisha yakayeyuka amonia inapozidi, hiyo ni zinki. Yakibaki, ni alumini au risasi, na hizi mbili hutenganishwa na iodidi ya potasiamu: risasi hutoa manjano inayong'aa, alumini hainyanyui hata kope.

Kwenye ioni hasi, ile nusu ya pili ya chumvi kama salfati, kabonati au kloridi, kosa kubwa ni kukimbilia kloridi ya bari. Mashapo meupe yanaonekana, mtu anashangilia salfati, kumbe kabonati nayo hufanya vilevile. Anza na asidi. Magadi ukiyakamulia ndimu yanatoa povu, na kabonati ya maabara iko hivyo hivyo. Gesi yake huyafanya maji ya chokaa yawe kama maziwa. Asidi ikishaondoa kabonati, mashapo yatakayotokea ukitia bari ni ya salfati. Kloridi hupimwa kwa nitrati ya fedha, nayo hutiwa baada ya asidi ya nitriki.

Ila ukihisi una risasi, weka kando asidi ya haidrokloriki na kloridi ya bari. Kloridi peke yake inatosha kuishusha risasi ikawa mashapo meupe, ukadhani umepata salfati. Tumia asidi ya nitriki na nitrati ya bari. Wadadisi wayachemshe mashapo hayo ya kloridi ya risasi katika maji: yanayeyuka, na yakipoa yanarudi kama sindano ndogo zinazometameta. Mimi bado huyatazama kila mwaka.

Na mabaki ya risasi yasiende kwenye sinki. Ni sumu, kwenye meza yangu kuna chupa yake yenye kifuniko, na nakala za majibu zinasubiri mpaka mabaki yamiminwe humo.