Mti wa paka: utikise kabla ya kuulipia

Mtazame paka wako anapoamka. Mara nyingi, kabla hajaenda popote, husogea hadi kwenye mkono wa kochi, husimama kwa miguu ya nyuma, hunyoosha mgongo wote, kisha hukita kucha na kuvuta kwa nguvu kuelekea chini. Wenye kochi huuita utundu. Sisi madaktari wa wanyama tunaona kazi tatu zikifanyika kwa mpigo mmoja: ananyoosha misuli, anavua ganda la nje la ukucha lililochakaa, na anaacha harufu yake, maana nyayo zake zina tezi za harufu. Ukimkemea, haja ile inabaki palepale. Dawa ni kumpa pengine pa kuparura.

Ndiyo kazi ya mti wa paka: nguzo zilizozungushiwa kamba, na vibao vya kukalia huko juu. Wengi huuchagua kwa rangi, ulingane na mapazia. Mimi huanza kwa kuutikisa. Shika kibao cha juu kabisa ukisukume kwa ghafla, kama vile paka ametua hapo kwa kuruka. Paka mzima wa kawaida ana kilo 3.5 hadi 5, na dume wa Maine Coon, aina ya paka wenye maumbo makubwa, anaweza kupita kilo 8. Mti ukiyumba kwa kiganja chako, kwake utayumba zaidi, na paka aliyewahi kuanguka nao anaweza kuususa kabisa hata ukishaukaza. Tafuta kitako kipana na kizito. Mti ukiwa mrefu, ufunge ukutani kwa skrubu.

Urefu wa nguzo ya kuparuria anao paka mwenyewe: pale kwenye kochi, pima kutoka sakafuni hadi ncha za kucha zake akiwa amejinyoosha. Nguzo ipite hapo. Kwa paka wengi sentimita 90 hutosha. Nguzo fupi zinazouzwa kwa wingi zinamfaa mtoto wa paka kwa miezi michache tu.

Kamba iwe ya katani, ngumu, iliyobanana bila mianya. Nguzo zilizovikwa zulia sizipendi. Niliwahi kuletewa paka aliyening'inia kwa ukucha mmoja ulionasa kwenye vitanzi vya zulia la mti wake, ukang'oka nusu. Tena ukimzoesha kuparura zulia la nguzo, atajuaje kwamba la sebuleni ni haramu?

Vile vidoli vinavyoning'inizwa kwa uzi, vikate. Ulimi wa paka una vijimiiba vinavyoelekea kooni, hivyo uzi ukishaingia mdomoni ni vigumu kuutema. Ukinasa chini ya ulimi au tumboni huku ncha nyingine ikisonga mbele, utumbo hujikunja juu yake na unaweza kukatika. Ukiona uzi umechomoza mdomoni au sehemu ya haja, usiuvute. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Kupanda ni rahisi kwake kuliko kushuka, kwa kuwa kucha zimepinda kwa nyuma: humshika vizuri akiwa amepeleka kichwa juu, zikamwacha akigeuka. Kwa hiyo vibao vipangwe kama ngazi. Kwa paka mzee viwe karibukaribu na vya chini, kwani uzeeni maumivu ya viungo ni ya kawaida, na paka ni hodari wa kuyaficha. Wakiwa wawili au zaidi, kibao cha juu kiwe na njia mbili za kushukia, asije mbabe akaziba njia akamfungia mwenzake huko juu.

Usiufiche mti kwenye kona isiyopitwa na mtu. Uweke kando ya kochi lile lile analoliparura, ikiwezekana karibu na dirisha. Akishauzoea, usogeze kidogokidogo hadi unapotaka. Usimshike miguu ukamsugulia kwenye nguzo, atauchukia. Mburuzie kidoli hadi kibao cha juu, au mwachie hapo vipande vya chakula anachokipenda.

Kamba ikianza kuchakaa, wenye nyumba hutamani kuutupa mti. Msiutupe. Kwa paka ndio kwanza umenoga, umejaa harufu yake. Kata nyuzi ndefu zinazolegea, na uzungushie kamba mpya pale nguzo inapobaki uchi.