Tovuti iliyodukuliwa: unachokiona wewe sicho inachokiona Google

"Mbona kwangu inafunguka vizuri tu?" Ndivyo anavyojibu karibu kila mwenye tovuti akiambiwa kwamba jina lake linatokea Google likiwa na matangazo ya kamari au dawa za nguvu za kiume. Anaandika anwani, ukurasa unafunguka kama jana, naye anaamini Google imekosea.

Haijakosea. Spamu hii imetengenezwa makusudi ili mwenye mali asiione. Msimbo uliopandikizwa humtazama kwanza mgeni anayeingia. Roboti ya Google, yaani programu yake inayosoma kurasa za tovuti, hupewa kurasa za spamu, na mtu aliyebofya kutoka kwenye matokeo ya utafutaji hurushwa kwenye tovuti ya muuzaji. Wewe uliyeandika anwani moja kwa moja unaonyeshwa tovuti safi. Kwa hiyo andika kwenye Google neno site: na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Tovuti ya kurasa 20 ikiorodheshwa na mamia ya kurasa za Kijapani ambazo hukuziandika, umedukuliwa. Kisha kagua anwani mojawapo ndani ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, uone kile roboti ilichopewa.

Wengine hujifariji kuwa tovuti ni ndogo, nani ataihangaikia? Hakuna aliyekuchagua. Programu zinazojiendesha hupita tovuti baada ya tovuti zikitafuta plagini (programu ndogo za nyongeza) zenye matundu yanayojulikana. Kinachotakiwa ni imani ambayo jina lako limejijengea kwa Google. Na ile kufuli ya HTTPS hailindi hapa: inalinda data ikiwa njiani, haijui ni faili gani zimelala kwenye seva.

Dhana inayoumiza watu kuliko zote ni hii: "Nimefuta zile kurasa, kazi imeisha." Baada ya siku mbili zimerudi, na mwenye tovuti anakata tamaa. Mara nyingi kurasa hizo hazipo kama faili. Hutengenezwa papo hapo roboti inapobisha hodi. Kilichobaki ni mlango wa uani, yaani msimbo uliofichwa unaomruhusu mdukuzi kuingia tena. Kama tovuti yako imejengwa kwa mfumo wa WordPress, fungua folda ya uploads. Humo hukaa picha na nyaraka, hivyo faili inayoishia na .php, yaani ya programu, katikati ya picha ni ya kutiliwa shaka mara moja. Soma pia .htaccess (faili ya mipangilio ya seva), kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe kwenye seva, na orodha ya wasimamizi: kuna jina usilolijua?

Hili wengi hulikosa: mdukuzi anaweza kujiandikisha Search Console kama mmiliki wa tovuti yako, ili apeleke ramani yake ya kurasa za spamu. Kumwondoa kwenye orodha hakutoshi. Ondoa na faili yake ya uthibitisho, ambayo jina lake huanza na google na kuishia na .html, la sivyo atajithibitisha tena.

Kurudisha nakala rudufu ya wiki iliyopita? Huenda mdukuzi alikuwemo tangu mwezi uliopita, na tundu aliloingilia limo humo humo. Ni salama zaidi kuweka upya faili za mfumo na plagini kutoka vyanzo rasmi, kusasisha kila kitu, kisha kubadilisha nywila zote, pamoja na ya FTP (njia ya kupakia faili kwenye seva) na ya hifadhidata.

Usizuie kurasa za spamu kwa robots.txt, faili inayoziambia roboti zisiingie wapi. Ukiizuia Google kuingia, haitajua kwamba zimeondoka. Ziache zijibu 404 (ukurasa haupo) au 410 (umeondolewa kabisa). Zana ya Google ya kuondoa kurasa nayo huzificha kwa takriban miezi 6 tu. Search Console ikiwa imekupa onyo la usalama au adhabu, omba ukaguzi upya baada ya kusafisha, siyo kabla.

Matokeo hayatasafika kwa siku moja, hata ukifanya yote sawasawa. Kurasa za zamani zikiendelea kuonekana huku zinajibu 404, hizo ni masalia. Zikizaliwa mpya, mlango bado uko wazi.