Unapokea simu za msaada za waathirika wa ukatili wa nyumbani, ukifanyia kazi kwako? Maswali na majibu

Swali: Mimi nasikiliza tu, sipigwi mimi. Mbona silali?

Jibu: Kusikiliza nako kunaumiza, na hilo halijaanza leo, wanasaikolojia McCann na Pearlman waliliandika tangu 1990, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 ya 2013, unakubali kwamba anayekutana na habari za kutisha tena na tena kazini anaweza kupata PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaotokana na mambo ya kutisha. Kwahiyo usijione mlegevu. Usingizi unakata, sauti ya mteja inakurudia ukiwa unaosha vyombo, unafokea watu bila sababu, au unakuwa mkavu tu, mtu analia we huhisi kitu. Hii ya mwisho wengi hawaistukii, wanadhani wamezoea kazi.

Swali: Mbona ofisini nilikuwa poa?

Jibu: Ofisini ukikata simu nzito wa meza ya jirani anakuona uso, anauliza vipi, mnaongea kidogo unapumua. Nyumbani unakata simu unabaki na ukuta. Na ile safari ya kurudi, pamoja na foleni zake, ilikuwa inakutoa kazini taratibu.

Swali: Nifanyeje sasa?

Jibu: Simu usipokelee unapolala, kama chumba ni kimoja basi kiti kimoja kiwe cha kazi na ukimaliza laptop ifungwe iwekwe mbali. Vaa hedifoni, watoto nao wana masikio. Halafu, na hili ndo kubwa kuliko yote, mpate mwenzako wa kazi wa kumpigia baada ya simu mbaya, na muda huo uwe kwenye ratiba sio fadhila. Mweleze ulivyojisikia, maelezo ya tukio yapunguze, usije ukamwachia yeye hizo picha. Namba yako binafsi mteja asiwe nayo.

Swali: Bosi anasema nifanye mazoezi.

Jibu: Mazoezi sawa, ila hayapunguzi simu. Zamu anapanga yeye, kwahiyo mapumziko katikati ya simu na mshauri wa kuongea naye mara kwa mara, asiyekupima utendaji, ni kazi yake hiyo.

Swali: Na kama kwangu kwenyewe si salama?

Jibu: Inatokea, tena kwa wafanyakazi hawahawa. Mwambie msimamizi kwa njia ambayo mwenza wako haioni, pangeni neno la siri, ukilitaja tu kwenye simu ajue, na uombe kuhamishiwa sehemu nyingine ya kufanyia kazi.