Jivu linalowaka tena

Juzi usiku barazani kwetu Mji wa Kale, muuza kahawa alikuwa akichokora makaa kwa koleo chini ya dele. Nikamwambia Jua nalo lina jivu lake: haidrojeni ikiungana, kinachobaki ni heliamu. Akaniuliza, "Na jivu hilo, mwalimu, haliwaki tena?" Nimefundisha fizikia miaka mingi, sijapata mwanafunzi wa kuniuliza hivyo.

Huwaka, ila kwa taabu. Kiini cha atomu ya heliamu kina protoni mbili, chembe zenye chaji chanya, kwa hiyo viini viwili husukumana kwa nguvu kuliko vya haidrojeni. Katikati ya Jua mna joto la nyuzi kama milioni 15. Heliamu hutaka milioni 100. Na hata joto hilo likipatikana, heliamu mbili zikishikana huzaa beriliamu-8, yaani kiini cha beriliamu chenye chembe nane, kitu kisichodumu hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Heliamu ya tatu iwahi kabla haijavunjika, ndipo ipatikane kaboni.

Fred Hoyle, Mwingereza, alipiga hesabu akaona kwa mwendo huo kaboni ingekuwa haba mno. Lakini haya makaa si kaboni? Akakata shauri kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na ngazi ya nishati inayolingana na mgongano huo ili muungano uwe rahisi, karibu MeV 7.7 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini). Mwaka 1953 akawaendea wanafizikia wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani. Walimtilia shaka, lakini walipopima waliikuta. Mwaka 1983 William Fowler wa Caltech alipewa Nobeli kwa kazi ya jinsi elementi zinavyoundwa nyotani, Hoyle akaachwa. Mimi naona alidhulumiwa, na sioni haya kusema.

Kaboni ikinasa heliamu nyingine huwa oksijeni, na Jua letu halitavuka hapo. Nyota nzito huendelea: neoni, magnesi, silikoni, kila hatua kwa joto zaidi na muda mfupi zaidi. Nyota yenye uzito wa majua 25 huchoma haidrojeni kwa mamilioni ya miaka, silikoni kwa siku moja tu.

Mwishowe ni chuma. Kukiunganisha hakutoi nishati, hula nishati. Sehemu ya katikati ya nyota hukosa cha kuitegemeza, ikaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja.

"Kwa hivyo jivu lisilowaka ni chuma," akasema, akilitazama koleo lake. Kisha akanimiminia kikombe cha pili.